Tuzo za Sayansi na Ufunguo wa Maabara

Katika muhula wa pili Chama chetu cha Kiswahili kiliandaa mjadala uliojaza ukumbi hadi wengine wakasimama madirishani. Hoja ilisema hivi: "Tuzo kubwa za sayansi na uhandisi si za watu kama sisi." Waliounga mkono walishinda kwa makofi mengi. Mimi nilikuwa nimeinua mkono tangu mwanzo, lakini kengele ililia kabla mwenyekiti hajaniona, kwa hivyo nimemwomba mhariri anigawie kurasa chache za jarida letu nitoe dukuduku langu.

Upande wa pendekezo ulisema mengi. Ulisema kwamba tuzo hizo hutolewa Stockholm na London, kwamba wanaozipata ni wazee wenye mvi na miwani, na kwamba hata Mkenya wetu aliyepata Tuzo ya Nobel, marehemu Profesa Wangari Maathai, mwaka 2004, alipewa ya amani wala si ya sayansi, ijapokuwa alikuwa mwanasayansi aliyehitimu shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971. Kisha ndugu mmoja wa kidato cha nne akasimama, akahitimisha: "Jameni, sisi ni wa shule ya kutwa. Ikifika saa kumi tunafurushwa maabarani kama kuku walioingia jikoni. Hiyo tuzo tutaifanyia kazi wapi, kwa matatu?" Ukumbi ukaangua kicheko.

Kati ya yote yaliyosemwa siku hiyo, ni hili la mwisho tu lililonichoma moyo, maana ndilo lenye ukweli. Mengine ni porojo, na nitaonyesha kuwa ni porojo kabla sijaja kwenye huo mlango wa maabara.

Tuanze na hili la London. Kuna Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi, iliyoanzishwa mwaka 2014 na Akademia ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza. Ni kweli wenye tuzo wako London, lakini washindi hawatoki huko. Mshindi wa kwanza kabisa, mwaka 2015, alikuwa Dkt. Askwar Hilonga wa Arusha, Tanzania, aliyebuni chujio la maji linalotumia mchanga pamoja na chembechembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Mwaka 2018 akashinda Brian Gitta wa Uganda, kijana wa miaka 24, kwa kifaa cha kupima malaria bila kumtoa mtu damu. Kifaa chenyewe kinaitwa Matibabu, neno letu la Kiswahili, na sherehe ya kumtuza ilifanyika papa hapa Nairobi. Mwaka 2022 ikawa zamu ya Mkenya, Mhandisi Norah Magero, na mwaka 2023 Mganda mwingine, Anatoli Kirigwajjo, kwa mtandao wa vifaa vya kuwaita majirani na polisi mtu anapovamiwa. Mwaka 2024 sherehe ilirudi Nairobi, na aliyeitwa jukwaani ni Esther Kimani, Mkenya, kwa kifaa kinachotumia nguvu za jua na kamera kutambua wadudu na magonjwa shambani, kisha kumpelekea mkulima ujumbe kwa simu. Alipewa pauni 50,000.

Sasa hebu tuhesabu pamoja. Washindi kumi wa kwanza, tangu 2015 hadi 2024, watano ni watu wa Afrika Mashariki. Nusu nzima! Wale wazee wenye mvi wako wapi hapo?

Najua kuna atakayesema kwamba hao wote walikwisha kusoma hadi chuo kikuu. Ni kweli, sikatai. Lakini tazameni walianzia wapi. Gitta hakuanza kwa hamu ya kupigiwa makofi. Aliugua malaria, na ilibidi apimwe damu mara nne ndipo ugonjwa ukaonekana. Friji ya Magero, iitwayo VacciBox, hutumia umeme wa jua, ni ndogo kiasi cha kubebwa kwa pikipiki, baiskeli au mashua, na kazi yake ni kuzuia chanjo zisiharibike zinapopelekwa mahali pasipo na stima. Anayeishi Kawangware hahitaji mwalimu wa kumweleza maana ya stima kupotea. Hizi ni shida tunazozijua kuliko tunavyoijua Stockholm.

Lakini tuzo ninayotaka tuizungumzie kwa kirefu ni nyingine. Nina hakika wengi katika ukumbi ule hawakuwahi kuisikia, ingawa chanzo chake kiko kwenye barabara tunayoivuka kila siku. Ukisimama Kangemi ukapanda gari la kuelekea juu, utapita Uthiru, ukiwa katika sehemu za Kabete, kisha Kinoo, na ukizidi kusonga mbele kwenye barabara kuu ya Nakuru utafika Muguga. Nauli ni ya mtu kufikiri mara mbili, lakini si nauli ya ndege.

Zamani ng'ombe wa Afrika walikuwa wakifa kwa ugonjwa uitwao sotoka. Babu zetu waliufahamu vizuri. Sisi hatuufahamu, na kwa nini hatuufahamu ndiyo hadithi yenyewe. Sotoka ilisababishwa na virusi, jamaa wa karibu wa virusi vya surua. Ng'ombe alishikwa na homa, macho na pua vikachuruzika, kinywa kikajaa vidonda, akahara, na baada ya siku chache akafa. Ugonjwa huo uliingia katika Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, ukateremka kusini kama moto wa nyika, na kufikia mwaka 1897 ulikuwa umefika ncha ya kusini ya bara. Mahali pengi uliua ng'ombe wanane au tisa katika kila kumi. Wamaasai walipoteza karibu mifugo yao yote, watu wakafa njaa, na kipindi kile cha maafa wao wenyewe wakakiita Emutai, yaani kumalizwa kabisa. Waingereza walipokuja kujenga reli na kujigawia mashamba walikuta nyanda zilizobaki tupu, wakadai kuwa hazina wenyewe. Vitabu vyetu vya Historia huyapita mambo haya mbio mbio. Mimi naona yanastahili sura nzima.

Sasa sikilizeni. Mwanzoni mwa karne ya 20, huko huko Kabete, virusi vya sotoka vilichukuliwa kutoka kwa ng'ombe mgonjwa vikahifadhiwa. Aina hiyo ya virusi ikapewa jina la Kabete O, na ndilo jina linalotumiwa hadi leo na wataalamu wa mifugo ulimwenguni kote. Naam, Kabete yetu hii hii, tunayoijua kwa matope ya mwezi wa nne! Mtu akiwa Rio de Janeiro au New Delhi akisoma habari za sotoka hukutana na jina la mtaa wa jirani yangu.

Miaka ikapita. Mwaka 1956 daktari wa mifugo aitwaye Walter Plowright, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1923, alianza kazi katika kituo cha utafiti wa mifugo cha Afrika Mashariki kilichokuwa Muguga. Chanjo za sotoka zilikuwepo kabla yake, lakini zile za zamani zilitengenezwa kwa kuvipitisha virusi katika miili ya mbuzi au sungura, na nyingine zilikuwa kali hata ng'ombe wakaugua kwa chanjo yenyewe. Plowright na mwenzake, R. D. Ferris, wakatumia njia iliyokuwa mpya wakati huo, ya kuvikuza virusi katika chembe hai za figo la ndama, ndani ya chupa. Njia ya kukuza virusi namna hii ilikuwa imewaletea Wamarekani watatu, Enders, Weller na Robbins, Tuzo ya Nobel mwaka 1954, kwa kazi yao juu ya virusi vya polio. Kwa hivyo Muguga haikuwa nyuma ya ulimwengu hata kidogo.

Na kazi yenyewe ilikuwaje? Hapa ningependa msomaji aende polepole. Unachukua virusi unavitia katika chupa yenye chembe hai. Unangoja siku kadhaa vizaliane. Unachota kidogo, unatia katika chupa nyingine mpya. Unangoja tena. Unachota, unatia, unangoja. Kila vinapohamishwa, virusi vinazidi kuzoea maisha ya chupani na kupungukiwa na ule ukali wa kuua ng'ombe. Walifanya hivyo mara ngapi? Kumi? Ishirini? Mara 90 hivi! Vilipofika hapo, virusi vya Kabete O vilikuwa vimepoa kabisa. Ng'ombe alidungwa sindano moja tu, hakuugua, na akawa amekingwa maisha yake yote. Isitoshe, chanjo yenyewe ilikuwa rahisi kwa bei. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1962.

Hebu mfikirie mtu aliyekuwa kwenye chupa ya 47. Hakuna mgeni wa heshima, hakuna mpiga picha, wala hakuna kwaya. Kuna chupa, kuna baridi ya Muguga (aliyewahi kufika huko mwezi wa saba anaijua), na kuna daftari linalongoja kuandikwa "47".

Chanjo hiyo ikaenea Afrika na Asia. Mara ya mwisho sotoka kuthibitishwa duniani ilikuwa hapa hapa Kenya, mwaka 2001, kwa nyati wa Mbuga ya Taifa ya Meru. Miaka kumi baadaye, mwaka 2011, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa pamoja na shirika la ulimwengu la afya ya wanyama yakatangaza kwamba sotoka imekwisha duniani. Katika historia yote ya binadamu ni maradhi mawili tu yaliyowahi kutokomezwa hivyo: ndui, iliyotangazwa mwaka 1980, na sotoka. Ndiyo maana hatuijui.

Plowright alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1999, na pamoja nayo dola 250,000. Tuzo hiyo hutolewa Marekani, na iliasisiwa na Norman Borlaug, mtaalamu wa ngano aliyepata Nobel ya Amani mwaka 1970. Piga hesabu: tangu alipofika Muguga hadi siku aliyoitwa jukwaani ni miaka 43. Alifariki mwaka 2010, mwaka mmoja kabla ya lile tangazo la mwisho.

Hapa sharti niseme kwamba nina manung'uniko yangu na tuzo hizi. Mwaka 1999 lilitajwa jina moja. Nobel ya sayansi nayo haigawiwi zaidi ya watu watatu. Lakini ng'ombe wa majaribio hakujishika pembe mwenyewe adungwe sindano. Chupa hazikujiosha. Kulikuwa na watu wa Muguga waliofagia, waliochemsha, waliolisha ndama usiku, na majina yao hayamo kwenye hati yoyote ya tuzo. Hata chanjo ilipokwisha kupatikana kazi ilikuwa haijaisha, maana ilihitaji kukaa kwenye baridi, na kule wafugaji waliko hakuna baridi. Ilikuwa karibu na mwaka 1990 ambapo Mmarekani aitwaye Jeffrey Mariner alitengeneza aina ya kustahimili joto, iliyoweza kukaa wiki kadhaa bila friji. Kisha wafugaji wenyewe, wengi wao hawakuwahi kuingia darasani, wakafunzwa kudunga sindano wakawachanja ng'ombe huko Afar nchini Ethiopia, Sudan ya Kusini na Karamoja, mahali ambapo magari ya serikali hayakuthubutu kufika. Nani aliwavisha hao nishani? Na nani aliyeshangaa niliposema pale juu kuwa Mhandisi Magero alituzwa kwa friji? Mimi sishangai tena. Friji ni nusu ya chanjo.

Hata hivyo siungani na wale wanaosema, "Basi tuzo zifutwe, ni za upendeleo." La hasha! Isingekuwa tuzo ile ya 1999, jina la Muguga lingebaki kwenye makaratasi ya wataalamu, nami nisingelipata katika kusoma kwangu. Tuzo ni kama kibao cha barabarani. Hakikupeleki popote, lakini bila hicho ungepita bila kujua kuna njia.

Sasa nije kwenye mlango wa maabara.

Mwaka jana mimi na mwenzangu mmoja tulifanya mradi kwa ajili ya kongamano la sayansi. Mama yake huuza maziwa Kawangware, na yale yanayobaki jioni hugeuka kuwa hasara asubuhi. Tukaunda sanduku lenye kuta za wavu wa kuku, wavu mbili mbili, katikati tukajaza makaa, tukayamwagia maji. Upepo ukipita, maji yanakauka na kuondoka na joto, ndani kunapoa. Hakuna uchawi wowote, ni kanuni ile ile ya mtungi wa nyanya yako uliokuwa ukipoza maji kabla ya friji kuja. Swali letu lilikuwa dogo: maziwa yatakaa saa ngapi zaidi kabla ya kuganda?

Kujibu swali hilo kulihitaji kipimajoto, na kipimajoto cha shule hakitoki nje ya maabara. Ni sheria, na inaeleweka. Maabara nayo hufungwa saa kumi. Kwa hivyo sanduku lilikaa shuleni, na tulipima siku za Ijumaa tu, saa ya vyama. Ijumaa moja kulikuwa na mtihani wa vitendo wa kidato cha nne. Nyingine ilinyesha tukaambiwa twende nyumbani mapema. Nyingine ilikuwa sikukuu. Kongamano lilipofika tulikuwa na matokeo ya siku sita.

Mwamuzi mmoja, mzee mpole, alilipenda sanduku. Aliligusa, akanusa, akacheka. Kisha akauliza, "Mmerudia mara ngapi?" Tukasema, "Mara sita, mwalimu." Akaandika kitu. Akasema, "Mkiwa na dawa iliyojaribiwa mara sita, mtampa mtoto?" Hatukuwa na la kujibu. Tukaishia hapo hapo ngazi ya kaunti ndogo. Meza iliyokuwa kando yetu ilikuwa ya shule ya bweni, na walikuwa na jedwali refu la vipimo vya asubuhi, mchana na usiku, kwa sababu wao hulala hatua hamsini kutoka maabarani. Sina wivu nao. (Ninao kidogo.) Lakini naomba ieleweke kuwa hawakutushinda kwa akili. Walitushinda kwa saa.

Msiniambie kuwa shule ya kutwa haiwezi. Mwaka 2019 Bruda Peter Tabichi, mwalimu wa Hisabati na Fizikia, alishinda Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani, dola milioni moja, akapewa huko Dubai. Alikuwa akifundisha wapi? Shule ya Sekondari ya Kutwa ya Keriko, mashambani huko Njoro, kaunti ya Nakuru, shule iliyokuwa na kompyuta moja. Wanafunzi wake walifuzu kwenda Arizona, Marekani, kwenye maonyesho ya kimataifa ya sayansi na uhandisi. Nimesoma mengi kumhusu, na sijaona mahali palipoandikwa kwamba alianza kwa kununua vikombe vya kushindaniwa. Alikuza kilabu ya sayansi, na wikendi aliwatembelea wanafunzi makwao. Aliwapa saa zake.

Sisi hapa tunafanyaje? Kila mwaka, Siku ya Zawadi, mwanafunzi bora wa Kemia hupewa thamosi. Wa Fizikia hupata kamusi, wa Biolojia beseni lililofungwa kwa karatasi inayometameta. Mgeni wa heshima husimama akasema anataka kumwona mshindi wa Nobel kutoka shule hii. Tunashangilia, tunakula wali, na kesho yake saa kumi kufuli linarudi mahali pake. Kwa maoni yangu huku ni kupamba dari la nyumba isiyo na msingi. Ningependa mgeni wa heshima asituahidi Nobel. Atuulize tu, kama yule mzee, tumerudia mara ngapi.

Walimu wetu wana sababu zao, na si za kupuuzwa. Nimeongea na watatu. Wa kwanza alisema kemikali ni hatari na mwaka mmoja spiriti ilipotea. Hilo lina dawa, maana stoo ya kemikali ina mlango wake na ufunguo wake. Sisi tunaomba meza, maji, mizani na vipimajoto, stoo ikae imefungwa. Wa pili alisema mwalimu naye ana nyumba, tena wengine wanakaa mbali, wakichelewa wanapanda matatu mbili kwa nauli ya juu. Hapo sina maneno, ila naona si lazima awe mwalimu mmoja kila siku. Ikiwa ni Jumamosi, saa mbili asubuhi hadi saa sita mchana, walimu sita wa sayansi wakipokezana pamoja na msaidizi wa maabara, kila mmoja atakuja mara mbili tu kwa muhula. Wanafunzi wa Kangemi na Kawangware hufika kwa miguu, na wale wa mbali watarudi makwao kungali mchana. Vitakavyovunjika vilipwe kwa pesa za thamosi na beseni. Nimeuliza bei, na zawadi za mwaka mmoja zinatosha kununua vipimajoto vingi kuliko vilivyomo maabarani sasa. Aliyepata thamosi mwaka jana ni rafiki yangu, naye ameniambia yuko tayari kuirudisha, ingawa mama yake hajaulizwa.

Mwalimu wa tatu ndiye aliyenipa kazi ngumu. Alinitazama, akasema, "Nikifungua, wiki ya kwanza mtakuja arobaini. Wiki ya tatu mtakuwa wawili."

Nimelifikiria neno hilo sana, kwa sababu anatujua. Anajua Jumamosi kuna mpira, kuna kufua sare, kuna kuchuuza mitumba Gikomba na shangazi, na wengine wetu ndio wanaopika nyumbani. Pengine kweli tutabaki wawili. Jibu langu ni kwamba hata wakibaki wawili mlango usifungwe. Ile karatasi ya mwaka 1962 kuhusu virusi vya Kabete O ina majina mawili.

Barua ya kumwomba Mwalimu Mkuu imeandikwa, kwa heshima zote, na itapelekwa wiki hii pamoja na orodha ya wanaotaka kuja. Orodha iko kwa katibu wa chama, na kufikia jana ilikuwa na majina 34. Anayetaka kuongeza lake amwone wakati wa mapumziko ya saa nne. Mimi na mwenzangu tumelichukua sanduku la makaa na kuliweka kwao, nyuma ya nyumba, likingoja. Daftari tayari tumelipigia mistari. Lina nafasi 90, na sita za kwanza zimejaa.